Nyota tano kwa mfugaji wa Goba aliyekataa kutuuzia mbwa wa Krismasi

Nampa nyota tano kati ya tano, na maelezo yatakuwa marefu kwa sababu huduma yenyewe ilianza kwa kukataliwa. Ni mzee mmoja wa Goba, hapa Dar es Salaam, mstaafu wa kikosi cha mbwa na farasi cha Jeshi la Polisi, ambaye sasa anafuga na kuuza mbwa nyumbani kwake. Jina na namba yake siandiki. Aliniomba nisiandike, wateja anao wa kumtosha na simu za Desemba zinamchosha. Ninaeleza anavyofanya kazi, ili ukienda kwa muuzaji mwingine yeyote ujue maswali ambayo naye angepaswa kukuuliza.

Aliyetaka kununua ni shemeji yangu, mdogo wake baba watoto. Aliishi Uingereza miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, hajapata watoto bado, na wanangu wawili anawapenda kama aliowazaa mwenyewe. Mapema Desemba mwaka jana alinifuata jikoni akaniambia kwa sauti ya chini: "Shemeji, Krismasi hii nataka niwape watoto mbwa. Wakiamka asubuhi wamkute sebuleni, ndani ya kikapu, ana utepe mwekundu shingoni. Kaka usimwambie kwanza." Nikamjibu kwamba sina neno, ila tutakwenda kumtafuta wote wawili, maana mbwa akishaingia getini kwangu mimi ndiye nitakayekuwa naye kuanzia Jumatatu hadi Jumatatu.

Banda la mzee nililipenda kabla hajatuambia neno. Sakafu ni ya saruji na ina mteremko ili maji yatoke. Kuna kivuli cha mwembe, maji safi kwenye sufuria nzito ambazo mbwa hawezi kuzipindua, na harufu ni ya mbwa tu, haikuwa ile ya mikojo iliyolala. Pale mlangoni kuna beseni la maji yenye jiki, na kila anayeingia anakanyaga humo na viatu vyake. Jike alikuwa amejilaza na watoto wake sita, macho yao yamefumbuka karibuni. Tuliwatazama kupitia wavu. Kugusa hakuturuhusu.

"Mmekuja kununua au kuona?" alituuliza baada ya salamu.

"Kununua, mzee," shemeji akasema. "Wa Krismasi."

"Basi mmekuja kuona. Kaeni."

Tukakaa kwenye benchi, naye akaanza kutuhoji. Sijawahi kuhojiwa hivyo hata benki nilipoomba mkopo. Nyumba ni yenu au mmepanga? Mwenye nyumba anajua? Ukuta umezunguka pande zote? Geti linafungwa au linarudishwa tu? Nani yuko nyumbani saa sita mchana? Kuna mwenye pumu? Kuna mbwa aliyefia pale kwenu, au nyumba ya jirani, mwaka huu au mwaka jana? Krismasi mnakula wapi, na mwaka mpya mnakula wapi?

Shemeji alikuwa akijibu haraka haraka, kwa furaha ya mtu aliyekwisha kutoa pesa moyoni. Kwenye swali hilo la mwisho ndipo alipopunguza mwendo. Sisi ni watu wa Rombo. Kila anayewafahamu Wachaga anajua Desemba ikifika mji huu unapungua, na Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis hakuna pa kukanyaga. Mwaka jana baba watoto alikuwa na zamu siku ya Krismasi, kwa hiyo tulipanga kula sikukuu Dar na kuondoka tarehe 26 alfajiri, mwaka mpya tukale kwa bibi yao, turudi shule zikikaribia kufunguliwa. Dada wa kazi naye huwa anakwenda kwao Handeni wiki hiyohiyo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu kwamba tunataka kumchukua mtoto wa wiki tano kwa mama yake, tumpe siku moja ya kelele na watu wengi, halafu tumfungie peke yake kwenye nyumba tupu huku jirani akimrushia chakula juu ya ukuta.

Alisema wiki tano kwa sababu ndizo ambazo wale watoto sita wangekuwa nazo siku ya Krismasi. Yeye hatoi mtoto chini ya wiki nane. Shemeji akasema tutamlea kwa maziwa ya chupa. Mzee akamweleza kwamba maziwa ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Kati ya wiki ya tatu na ya nane mtoto wa mbwa anafundishwa na mama na ndugu zake kung'ata kwa kiasi. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu analia na mchezo unakatika. Akimzidi mama, mama anamkaripia. Anayeondolewa mapema anakuja kujifunzia hayo kwenye mikono ya watoto wako.

Kisha akatufanyia hesabu ambayo tangu siku hiyo nimewapa watu wengi. Mbwa anabeba mimba siku 63 hivi. Ili mtoto awe ametimiza wiki nane tarehe 25 Desemba, lazima awe amezaliwa kufikia tarehe 30 Oktoba, na mama yake awe amepandwa karibu na tarehe 28 Agosti. Mbwa jike anaingia joto takribani mara mbili kwa mwaka, kwa tarehe zake mwenyewe, hana habari na sikukuu zetu. Kwa hiyo ukimwona mtu mtandaoni ana watoto wa kila rangi na kila aina, wote "tayari kwa Krismasi", jiulize amewapata wapi. Ama wametolewa mapema kwa mama zao, ama wamekusanywa kutoka mabanda mbalimbali wakachanganywa sehemu moja, na hapo ndipo wanapoambukizana magonjwa.

Hilo la magonjwa halikukaa maneno kwa muda mrefu. Mtaani kwetu Kimara kuna familia iliyonunua mtoto wa mbwa mtandaoni sikukuu hiyohiyo. Alifika jioni ya tarehe 24 kwa bodaboda, ndani ya boksi lililotobolewa matundu, utepe shingoni, na kadi ya chanjo. Watoto wa mtaa mzima walikwenda kumwona, wangu wakiwemo. Tarehe 26 akaanza kutapika, na jioni yake akawa anaharisha damu. Walimkimbiza kliniki, akawekewa dripu, akafa kabla ya mwaka mpya. Binti yao mdogo alikuwa amelala naye usiku wa kwanza.

Daktari wa mifugo aliwaambia ni pavo, ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa. Kirusi cha pavo kikiingia mwilini huchukua kwa kawaida siku tatu hadi saba, pengine zaidi, kabla dalili hazijaonekana. Kwa hiyo mtoto aliyeugua siku mbili baada ya kufika aliondoka kwa muuzaji akiwa nacho tayari. Ile kadi ya chanjo ilikuwa na tarehe tatu zilizoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, bila stika hata moja ya chupa ya dawa, bila muhuri, bila jina la daktari. Walipompigia muuzaji, kwanza alisema wamemlisha vibaya, baadaye hakupokea tena. Na daktari akawapa neno zito kuliko yote: wasilete mtoto mwingine wa mbwa pale, kwa sababu kirusi hicho kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata kupita mwaka, na sabuni ya kawaida haikiui. Jiki inakiua kwenye sakafu na vyombo. Ua lenye majani na udongo huwezi kuliosha kwa jiki. Ndipo nikaelewa lile beseni la mlangoni, na lile swali la mbwa aliyefia kwa jirani.

Sasa nirudi Goba, kwa sababu kuna swali moja sijaliandika, na kwangu ndilo lililoipa huduma ile thamani yake. Baada ya kutuuliza kuhusu Krismasi, mzee aliuliza: "Nani ataosha bakuli?"

Shemeji akasema watoto. Mzee akauliza umri wao. Mmoja ana miaka tisa, mwingine sita. Akanitazama mimi. Nikasema ukweli: mimi natoka saa kumi na moja alfajiri, ninafundisha Kibaha, narudi jioni. Baba watoto kazi yake ni ya zamu. Anayebaki ni dada. "Basi huyo dada ndiye mnayempa zawadi," mzee akasema. "Ameulizwa?"

Hakuwa ameulizwa. Dada yetu ni Mwislamu, msichana wa Handeni anayeswali swala zake zote, amekaa nasi muda mrefu na watoto wanamwita shangazi. Kwa anayekulia pwani hili halihitaji kuelezwa sana: kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa huku, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kufuga mbwa wa ulinzi au wa mifugo kunaruhusiwa, lakini kumwekea mtu mbwa anayelamba mikono, nguo na mlango wa chumba chake, bila kumuuliza, na yeye yuko kazini hawezi kusema hapana kwa bosi wake, ni kumuumiza. Nchi hii ina nyumba nyingi sana zinazoishi hivi, wa dini hii na wa dini ile chini ya paa moja, na tunaishi vizuri kwa sababu tunaulizana.

Mzee alikataa pesa. Shemeji alikuwa amekwisha kuzitoa, laki tatu na nusu taslimu, akazirudisha mfukoni. Alichotuuzia siku ile ni mkanda wa shingoni na bakuli zito la bati, kwa elfu kumi na tano, akasema hivyo ndivyo vifungwe kwenye karatasi ya zawadi. Mwisho wa Januari twende tena, na twende na watu wote wa nyumba. Wote, akarudia, na huyo dada awepo.

Asubuhi ya Krismasi watoto walifungua karatasi wakakuta mkanda na bakuli. Shemeji akawaeleza kuna mtoto wa mbwa Goba anayenyonya bado, na anayetaka kuwa naye aanze kujiandaa. Niliogopa watalia. Yule wa miaka tisa akaenda kutafuta daftari akaandika majina. Safari nzima ya Rombo walikuwa wakibishana kuhusu jina, wakafika kwa bibi yao wakamweleza, na bibi, ambaye amefuga mbwa maisha yake yote kwa kulinda migomba na mbuzi, akawa na ya kuwafundisha kila jioni. Mwezi ule wa kusubiri uliwapa kitu ambacho kikapu na utepe visingeweza kuwapa, maana walifika Goba wanajua wanakwenda kumchukua nani na kufanya nini.

Dada nilimuuliza mwenyewe, jikoni, watoto wakiwa wamelala. Nilimwambia akisema hapana, basi hakuna mbwa, na hakuna atakayemnunia. Alifikiri siku kadhaa. Akaja na masharti yake: bakuli likae nje karibu na bomba, lisiingie jikoni kamwe, mbwa asivuke mlango wa nyuma, yeye hatamlisha wala kumwogesha, na chumba chake, ambamo mna mkeka wake wa kuswalia, kiwe mbali na banda. Tulipofika Goba mzee alikaa naye pembeni muda mrefu kuliko alivyokaa nasi. Alimweleza kwamba kikosini alifanya kazi na askari Waislamu waliokuwa na nguo za kazi ya mbwa peke yake na ndoo yao ya kunawia, na swala zao hazikupita. Masharti yake akayaona ni sahihi, akaongeza moja: mchana, saa ambayo hakuna mtu, mbwa awe kwenye uzio wake mwenye kivuli na maji, ili dada apite uani bila wasiwasi. Baba watoto alijenga uzio huo kabla ya mbwa kuja. Anayemlisha asubuhi ni yeye au mimi. Jioni ni watoto.

Ununuzi wenyewe ulikuwa hivi. Watoto wa mbwa walikuwa na wiki kumi. Mzee aliwakalisha wanangu chini, akawaambia wasimfuate mbwa yeyote, wasubiri wafuatwe. Shemeji alimtaka dume mmoja mkubwa aliyekuwa akiwapanda wenzake. Mzee akasema huyo anafaa kwa nyumba ya mtu mzima mwenye muda wa kumfundisha. Nyumba ya watoto wadogo inahitaji wa katikati, asiyeogopa na asiyetawala. Tukapewa jike, chotara: mama ni German Shepherd, baba ni wa kienyeji. Mzee anawapendelea chotara kwa joto la Dar, kwa sababu wale wenye manyoya mazito wanateseka hasa Januari na Februari, na kwa uzoefu wake wa kienyeji wanavumilia zaidi homa zinazoletwa na kupe. Watoto walikwisha kukubaliana jina, ni Popi.

Kadi yake ilikuwa na stika ya chanjo ya kwanza, muhuri wa kliniki na saini, pamoja na tarehe za dawa ya minyoo, aliyopewa kuanzia wiki ya pili. Hili la minyoo sikulijua: kuna minyoo ambayo mama humpa mtoto akiwa bado tumboni, kwa hiyo hata mtoto msafi kabisa kwa macho huzaliwa nayo, na hiyo inaweza kuwaingia watoto wa binadamu wanaocheza kwenye udongo wenye kinyesi cha mbwa. Pamoja na kadi tulipewa mfuko mdogo wa dona na dagaa wa kusaga, chakula alichokizoea, tumbadilishie polepole; kipande cha gunia alilolalia na mama yake; na karatasi tuliyotia saini kwamba tukishindwa kukaa naye, hata baada ya miaka, tutamrudisha kwa mzee, hatutamtupa wala kumuuza.

Kisha akawauliza watoto swali: mbwa akikung'ata, wako au wa mtaani, unafanya nini? Yule mdogo akasema anamwita mama. Mzee akamwambia vizuri, na mkiwa mnakuja mpitie bombani. Akawaonyesha kwa mikono: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, hata kama jeraha ni dogo, ndipo hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza hakuna dawa, na Shirika la Afya Duniani limekadiria kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Popi alichanjwa alipofika miezi mitatu, na tutarudia kila mwaka. Maeneo mengi huwa na chanjo za kampeni karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ulizia kwa ofisa mifugo wa kata yako.

Kuishi naye kulikuwa kugumu kwa muda, na ni vizuri anayenunua ajue. Usiku wa mwanzo mwanzo alilia mpaka majirani wakauliza. Alitafuna kiatu cha shule na waya wa pasi. Chanjo za awali zinarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi mtoto afikishe wiki 16 hivi, na muda wote huo hatukumtoa nje ya geti, wakati watoto walikuwa na hamu ya kumtembeza mtaa mzima. Chakula, hata cha kupika nyumbani, hakiwi chini ya shilingi elfu arobaini kwa mwezi kwa sasa, na anazidi kukua. Mbwa wa aina yake anaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Mtoto wangu wa miaka tisa atakuwa amemaliza shule na Popi bado yupo. Tumeamua kumfunga kizazi, daktari ameshatupangia.

Na kama utakuwa na mbwa mdogo nyumbani siku ya sikukuu, hata uliyempata miezi mingi nyuma, chunga meza. Chokoleti, zabibu kavu za kwenye keki na vitunguu ni sumu kwake. Mifupa ya pilau iliyopikwa inapasuka vipande vikali. Mageti yanaachwa wazi na wageni, na fataki za mwaka mpya zinamfanya mbwa aruke ukuta ambao siku nyingine asingeufikiria.

Kasoro za mzee zipo. Barabara ya kwenda kwake ikinyesha haipitiki kwa gari dogo. Hatoi risiti, anaandika kwenye daftari lake na kukupa nakala ya mkono. Ulimi wake ni mkali. Mteja mmoja aliyekuwa pale Januari aliondoka amekasirika, na nadhani mzee angeweza kumwambia yaleyale kwa upole. Popi alikuja na viroboto, ikabidi tununue dawa siku hiyohiyo. Na kuna dume lake kubwa nililolikuta limefungwa mnyororo mfupi mara zote tulipokwenda. Nilimwambia sijalipenda. Akasema ni kwa sababu ya wageni, hufunguliwa usiku. Bado sijalipenda, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Mtu anayejua kama yeye anaweza kujenga uzio wa pili.

Shemeji alikuwa kimya tuliporudi kutoka Goba ile mara ya kwanza, kisha akaniambia kule Uingereza shirika la Dogs Trust limekuwa likisema tangu 1978 kwamba mbwa ni wa maisha yake yote, si wa Krismasi tu. Alikuwa akiona maneno hayo kwenye vioo vya magari. Na England, tangu Aprili 2020, sheria imewazuia madalali wasiuze watoto wa mbwa wa chini ya miezi sita. Mnunuzi anakwenda kwa mfugaji mwenyewe, amwone mtoto pamoja na mama yake. Kwetu hatuna sheria ya namna hiyo, lakini kudai kumwona mama hakuhitaji sheria. Muuzaji akikuambia mama yuko shamba, au tukutane stendi, muage.

Kuna watu wamenipinga niliposimulia haya, wakasema zawadi ni zawadi, usiwanyime watoto furaha. Wana hoja yao. Mwaka 2013 watafiti wa ASPCA, shirika la kutetea wanyama la Marekani, walichapisha matokeo ya kuwauliza watu waliowahi kupewa mbwa au paka kama zawadi, na wengi sana walisema kupewa hivyo hakukupunguza upendo wao, na wengi bado walikuwa naye nyumbani. Ninaamini hivyo, zawadi yenyewe sina ugomvi nayo. Ila pale walioulizwa ni wale wale waliopewa. Katika nyumba zetu anayepewa ni mtoto, anayetoa ni mjomba au baba mdogo, na anayeamka usiku, anayefagia kinyesi, anayepika dona, ni mama au ni dada. Huyo ndiye wa kwanza kuulizwa, na ajibu akiwa na uhuru wa kukataa.

Wiki iliyopita nilimpigia mzee kwa niaba ya mwalimu mwenzangu anayetaka mbwa wa ulinzi. Kwa Krismasi hii hana mtoto wa kuuza. Jike mmoja anatarajiwa kuzaa katikati ya Desemba, kwa hiyo watoto wataanza kutoka katikati ya Februari, na orodha ya kuhojiwa ameshaifungua. Mwalimu mwenzangu anakwenda Jumamosi hii na mumewe na mlinzi wao. Nimemwambia wafike kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo mzee anapika chakula cha mbwa, na akiwa jikoni hafungui geti.